Usingizi na Miguu ya Dereva wa Masafa Marefu

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia, ina urefu wa zaidi ya kilomita 900. Dereva wa lori lenye tela huipita akiwa ameketi, na mwili wake hupambana na hatari mbili.

Ya kwanza ni usingizi. Mwili una saa yake ya ndani, nayo hupunguza wepesi wa ubongo kuanzia yapata saa nane usiku hadi alfajiri. Lori liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde 4 tu, litakwenda karibu mita 90 bila kuongozwa; katika kona za Kitonga, umbali huo watosha kuliangusha bondeni. Kahawa huahirisha usingizi, haiulipi. Tiba ni kulala.

Hatari ya pili imo miguuni. Mtu atembeapo, misuli ya mashavu ya miguu huibana mishipa na kuisukuma damu irudi moyoni. Aketipo mno, damu hutuama, miguu huvimba, na pengine damu huganda mshipani. Bonge hilo likichomoka na kufika mapafuni, laweza kuua.

Kwa hiyo, kila afikapo kwenye mizani au kituo cha mafuta, dereva na ashuke, anywe maji, alizunguke lori akikagua magurudumu na kamba za shehena. Naye mwenye gari akumbuke: ratiba isiyo na nafasi ya kulala huhatarisha dereva, mzigo na wapita njia.