Shajara ya usomaji

Shajara ya usomaji (pia: daftari la usomaji) ni kumbukumbu ambamo mwanafunzi huandika mawazo, maswali na hisia zake kadiri anavyosoma kitabu. Si muhtasari wala uchambuzi. Huandikwa daftarini au kwenye kompyuta.

Msingi wake uko katika kazi za Louise Rosenblatt wa Marekani, hasa kitabu Literature as Exploration (1938). Alieleza kwamba maana ya kazi ya fasihi haikai kwenye karatasi peke yake, bali hupatikana msomaji anapoikuta matini akiwa na maisha yake mwenyewe.

Matumizi nchini Tanzania

Wanafunzi wengi wa sekondari hujiandaa kwa mtihani wa fasihi kwa kukariri "madesa", yaani uchambuzi ulioandaliwa na wengine. Hivyo mtu anaweza kutaja dhamira zote za Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya Edwin Semzaba, bila kuifungua. Shajara huuliza jambo jingine. Mwanafunzi wa Bunju, kata ya Wilaya ya Kinondoni kando ya Barabara ya Bagamoyo, huenda aliwaona makarani wa sensa ya mwaka 2022 wakipita nyumba kwa nyumba. Je, angemwamini karani kama Ngoswe? Kwa nini wanakijiji walisita? Majibu ya namna hiyo hayapatikani kwenye madesa.

Kwenye kompyuta

Kila mwanafunzi huwa na faili lake ndani ya folda ya darasa. Kila ingizo huanza na tarehe na ukurasa uliosomwa, na la zamani halifutwi hata kama mwandishi amebadili mawazo, kwa kuwa mabadiliko hayo ndiyo mwalimu anayoyatafuta. Mwalimu huweka maoni yake pembeni bila kugusa maneno ya mwanafunzi. Mashine zikiwa chache, wanafunzi huandika kwanza daftarini, kisha huchapa kwa zamu.

Programu ikiwa imewekwa kwa Kiingereza, hupigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili, na mwanafunzi mgeni hudhani amekosea. Inafaa kubadili lugha au kuzima ukaguzi wa tahajia. Programu za kuandikia zenye menyu za Kiswahili zipo tangu Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hatari kubwa ni kunakili na kubandika: kompyuta huliingiza desa zima kwa sekunde moja. Ingizo fupi lililochapwa darasani huaminika zaidi kuliko kurasa tatu zilizoletwa kwa flashi.

Shajara hubeba pia mambo ya nyumbani, kwa hiyo faili hufungwa kwa neno la siri na halisomwi mbele ya darasa bila ridhaa ya mwenyewe. Nakala ya pili huwekwa mahali pengine, maana umeme hukatika na diski huharibika. Kazi ya Ngoswe nayo iliishia motoni pamoja na karatasi zake.