Kadi za Heri kwa Muhuri wa Jiwe la Tabaka

Bila shaka umewahi kuiona kadi ya heri, ile ambayo wengi wetu huiita "sakses" tu bila kuongeza neno. Watahiniwa wa K.C.S.E., na wale wa K.C.P.E. kabla mtihani huo haujafika tamati mwaka 2023, walikuwa wakipelekewa kadi hizo na wazazi, shangazi, wajomba na marafiki. Nyingine zilikuwa na maua ya kumetameta. Nyingine ukizifungua zilikuimbia wimbo kwa betri ndogo kama kifungo cha shati. Mtihani ukiisha zilibandikwa ukutani sebuleni, zikakaa hapo hadi rangi ikafifia. Nyanya yangu angali na moja aliyopelekewa mama mwaka 1998. Maneno yaliyopigwa chapa ndani ni ya Kiingereza na nyanya hajali yasemavyo. Anachokionyesha wageni ni mistari miwili chini yake, ambayo marehemu babu aliiandika kwa kalamu ya biki, herufi zimeinama kama migomba baada ya mvua ya mawe.

Hata hivyo, kadi hizo zilikuwa na uchungu wake. Ndugu yangu mkubwa hunisimulia jinsi zilivyogawiwa gwarideni. Mmoja anaitwa mara kumi, kifua mbele, na mwingine haitwi hata mara moja, amesimama tu akitazama viatu vyake. Halafu mwaka 2016 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dkt. Fred Matiang'i, ambaye ni mtu wa huku kwetu Nyamira, alikaza kanuni za mitihani ili kuzima wizi wa majibu. Siku za maombi na ziara za wazazi katika muhula wa tatu zikasitishwa, na kadi nazo zikafungiwa lango. Siku hizi wengi hutuma ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya mshumaa, ujumbe uleule uliotumwa kwa watu hamsini. Mimi huo siuhesabu kuwa kadi.

Chama chetu cha Kiswahili basi kiliazimia jambo moja: kila mtahiniwa wa shule yetu apate kadi. Kila mmoja, awe na jamaa mjini au asiwe naye. Kwa kuwa sisi ni wa shule ya kutwa, kadi haina haja ya kupita langoni wakati wa mtihani. Humfikia mtu nyumbani kwao, muhula wa pili unapofungwa. Shida ilikuwa hesabu. Watahiniwa ni karibu mia moja, na sisi wanachama hatufiki ishirini. Ukichora kwa mkono, kadi ya kwanza huwa bibi harusi, ya tano inaanza kuchoka, na ya ishirini ni mikwaruzo mitupu. Na kwa kuwa tunafuata rejista, anayeumia ni aliye chini ya orodha. Kwetu Gusii majina yanayoanza na O yanajaza rejista kuliko mahindi ghalani, kwa hivyo nusu ya shule ingepata mikwaruzo! Ndipo tukaugeukia muhuri. Muhuri hauchoki. Chapa ya mia moja ni sawa na chapa ya kwanza, mradi wino upo.

Muhuri si lazima uwe ule wa mpira uliopo ofisini mwa karani. Kitu chochote kinachoweza kuchongwa, kikashika wino na kuutoa, ni muhuri. Kiazi kilichokatwa katikati hufaa, ila kina maji mengi. Kipanguse kwanza kwa kitambaa, la sivyo wino utatapakaa, na ujue kesho kitakuwa kimenyauka. Shina la jani la mgomba, lile bua nene, likikatwa kwa kisu kikali huonyesha vyumba vidogovidogo vilivyopangana kama sega la nyuki, na vikichovywa wino hutoa pambo ambalo hakuna fundi angelichora. Huo ni muhuri wa bure kabisa, upo nyuma ya kila nyumba huku. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa kwa mkasi na kugundishwa juu ya kipande cha mbao hutoa mistari safi. Malapa yaliyokatika mkanda ni bora zaidi, kwa sababu soli yake ni laini kwa wembe na hunywa wino kidogo tu.

Lakini fahari yetu ni jiwe la sabuni. Jiwe hilo huchimbwa katika vilima vya Tabaka, kusini mwa Kaunti ya Kisii, na dunia nzima inalijua kwa jina la jiwe la Kisii. Kuna jeupe, la waridi, la kijivu na hata lenye mishipa ya rangi ya kutu. Watalii hununua viboko na mabakuli. Mchongaji wetu mashuhuri, Elkana Ong'esa, alichonga sanamu ya ndege wa amani ambayo iko katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mtu akikuambia kwamba jiwe ni la mapambo tu, mweleze kwamba watu wa kale wa bonde la mto Indus, katika nchi tunayoiita Pakistan leo, walichonga mihuri yao kwa jiwe la jamii hiyohiyo zaidi ya miaka 4000 iliyopita, wakachora ng'ombe na herufi, kisha wakaichoma motoni iwe migumu. Wachina nao hadi leo huchonga majina yao kwenye mawe laini ya namna hiyo na kuyapiga kwa wino mwekundu. Kwa hivyo mtoto wa Tabaka akichonga muhuri hajaiga mtu. Amerudia kazi kongwe.

Vipande vidogo vinavyobaki wachongaji wakimaliza kazi huwa havina mnunuzi. Mjomba wangu, ambaye ndiyo kazi yake, alitupatia nusu gunia. Nilipoanza kukwaruza kimoja kikavu, akanishika mkono. "Mpwa wangu, jiwe halichongwi likiwa na kiu. Lilowe kwanza." Waama, maneno hayo yana sababu mbili. Jiwe lililolowa hukatika bila kumeguka ovyo, na vumbi halipandi. Vumbi la jiwe si mchezo, linaingia mapafuni na halitoki. Sisi huchongea nje, beseni la maji kando.

Chagua kipande kinachoenea kiganjani. Sugua uso mmoja kwa msasa uliolowa, ukiwa umeulaza msasa juu ya kioo au kigae, mpaka uso uwe bapa kabisa. Hapa usifanye haraka, kwa maana bonde dogo usiloliona kwa jicho litaonekana kwenye karatasi kama pengo jeupe. Kisha chora. Muhuri hugeuza kila kitu, kulia kuwa kushoto. Jua na jani havilalamiki vikigeuzwa, ila maneno hulalamika. Neno HERI kwa mfano ni mtego: H na I hubaki vilevile hata zikigeuzwa, kwa hivyo mtu hujiona ameweza, kumbe E na R zinatazama upande usiofaa na neno zima linasomeka kuanzia mwisho. Dawa yake ni rahisi. Andika neno kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba jinsi unavyotaka lisomeke, pindua karatasi uilaze kifudifudi juu ya jiwe, kisha sugua mgongo wake kwa kijiko. Penseli inahamia kwenye jiwe ikiwa tayari imegeuka. Baada ya hapo ondoa kwa ncha ya kisu au msumari ulionolewa sehemu zote ambazo hutaki zishike wino. Kina cha milimita mbili chatosha.

Sasa wino. Ukiwa na pesa, kuna pedi ya mihuri dukani. Usipokuwa nazo, chukua kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, tandika kipande cha sponji ya godoro, mimina rangi ya maji iliyokolezwa, na pedi ni hiyo. Sisi tulitaka wino wa kwetu. Tumbukiza misumari yenye kutu katika siki kwa siku kadhaa hadi siki igeuke hudhurungi. Kando, chemsha majani ya chai mpaka yawe makali kiasi cha kukunja uso. Changanya vyote viwili uone maajabu: chai inakuwa nyeusi papo hapo! Ni kwa sababu chai ina ile dawa ya ukakasi inayokausha ulimi, nayo ikikutana na chuma huzaa rangi nyeusi. Wazungu waliandika vitabu vyao kwa wino wa namna hiyo kwa karne nyingi, ila wao walitumia vinundu vya miti ya mwaloni. Nyamira tuna chai mpaka ukingoni mwa barabara, sijui mwaloni ungetufaa nini. Wino huo ni mwepesi mno kwa muhuri, kwa hivyo uongezee uji mwembamba wa unga wa muhogo uliopoa, ushikamane. Ukiupiga utauona wa kijivu, usikate tamaa, hewa itauzidishia weusi kadiri unavyokauka. Una kasoro moja. Una tindikali, na baada ya miaka mingi huweza kuila karatasi. Kwa hivyo maneno ya ndani tunayaandika kwa biki.

Karatasi ni manila. Ukikata kipande cha A4 na kukikunja kati, unapata kadi ya milimita 148 kwa 210, na ukitaka kubana matumizi, kata A4 mbili kwanza ndipo ukunje. Kabla ya kukunja, pitisha biki iliyokwisha wino kando ya rula pale penye mkunjo. Manila isiyotengenezewa njia hupasuka na kuonyesha nyuzi kama goti la suruali kuukuu.

Kupiga chapa ndiko kunakotenganisha fundi na mchafuzi. Usiuzamishe muhuri katika wino. Ugonge polepole juu ya sponji mara tatu nne, kisha utazame: uso ung'ae, mabonde yabaki makavu. Chapa ya kwanza piga kwenye gazeti, kwa maana daima huwa na wino kupita kiasi. Jiwe ni gumu, halibonyei kama mpira, kwa hivyo ni lazima karatasi ndiyo ibonyee. Weka daftari kuukuu chini ya kadi. Shusha muhuri wima, kandamiza kwa kiganja, hesabu hadi tatu, uinue wima vilevile. Ukiutikisa kando, neno litakuwa na kivuli. Ukitaka rangi mbili, piga ile hafifu kwanza, iache ikauke, ndipo ulete nyeusi.

Pambo ninalolipenda mimi halihitaji muhuri hata kidogo. Chuma majani mawili na chipukizi, vile vile mchumaji wa chai anavyochuma, uyalaze juu ya kadi. Chovya mswaki mkuukuu katika wino, ukaupitishe kidole ili matone madogo yanyunyizike juu na kando ya majani. Ukiyainua, sura ya chai inabaki nyeupe katikati ya ukungu wa rangi. Kisha chini yake piga HERI kwa jiwe. Chai ya Nyamira na jiwe la Kisii katika kadi moja! Wanachama wa pande zote mbili waliridhika, na hilo si jambo la kila siku.

Kuna waliosema kwamba kadi zote zikifanana zitakosa thamani. Nadhani wamesahau ndani. Nje ni sawa kwa wote, asiwepo wa kusema ya fulani imependeza kuliko yangu. Ndani, mwanachama mmoja humwandikia mtahiniwa mmoja kwa mkono wake, kwa jina lake, jambo linalomhusu yeye: yule anayetembea kutoka ng'ambo ya mto kila asubuhi, yule aliyetufundisha ngeli wakati wa chakula cha mchana. Ni marufuku kuandika "kila la heri katika mtihani wako" ukaishia hapo. Sentensi tatu, angalau. Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo hakuna muhuri wa kukusaidia.

Kadi mbichi zianikwe kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, zisilundikwe, ama ya juu itaipiga chapa ya chini mgongoni. Mihuri ioshwe kwa maji matupu na ihifadhiwe katika sanduku kwa ajili ya kidato kijacho. Tunakutana kila Alhamisi baada ya masomo, nyuma ya maktaba. Anayetaka kujiunga aje na wembe, na ikiwezekana malapa yaliyokatika.