Sigara Moja, Midomo Minne

Lubumbashi sigara huuzwa moja moja. Muuzaji hupita na katoni kifuani, peremende upande huu, karatasi za kufutia pua upande ule, akakuchomolea kijiti na kukuwashia. Mwanamke akinunua, macho ya barabara nzima humfuata. Ndiyo maana mama anayevuta hujificha. Gerezani hakuna pa kujificha.

Gereza la Kasapa, hapo hapo Lubumbashi, lilijengwa 1958 kwa watu wapatao 800; mwaka 2020 lilibeba kama 2,000, wanawake wakiwa wachache mno. Mahali ambapo bukari, yaani ugali, ya kushibisha huletwa na ndugu, asiye na mgeni hana kitu, na kitu kidogo hugeuka fedha. Mchumi Mwingereza R. A. Radford, aliyewahi kuwa mateka wa vita Ujerumani, aliandika mwaka 1945 jinsi sigara zilivyokuwa sarafu kambini: zinafanana, hazichachi, zinahesabika. Hata wasiovuta walizipokea. Tabu ya sarafu hiyo ni kwamba huchomwa.

Mwili wa mwanamke nao huimaliza upesi zaidi. Nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20. Baada ya saa mbili hivi nusu yake imekwisha damuni. Homoni ya estrojeni hulihimiza ini kuivunja haraka, na kwa mjamzito kasi huzidi. Kiu inarudi mapema, kijiti hakuna. Basi kinagawanywa: huyu anavuta pumzi ndefu, anaibana kifuani, anampa mwenzake, mpaka moto uguse vidole. Kwa kuvuta hivyo, sigara chache hutoa sumu nyingi kuliko hesabu yake. Kifua kikuu hakitoki kwenye kijiti, hutoka kwenye pumzi ya jirani mgonjwa, lakini mvutaji yumo katika hatari ya kukiugua karibu maradufu.

Wavutaji husema inatuliza. Septemba 2020, katika vurugu za siku tatu hapo Kasapa, wanawake wengi walibakwa. Nani ana uso wa kumhubiria aliyepitia hayo? Ila utulivu huo una hila. Nikotini ikipungua huleta wasiwasi, hasira, usingizi wa mang'amung'amu. Sigara inayofuata hulipa deni la iliyotangulia tu; kidonda chenyewe hakijaguswa.

Mwaka 2008 Karen Cropsey na wenzake walichapisha jaribio la Marekani: wafungwa wanawake walipewa plasta za nikotini na vikao vya pamoja kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye 12% hawakuwa wakivuta, sawa na watu huru wanaotibiwa hivyo.

Je, kupiga marufuku? Huko huko Marekani, jimboni Rhode Island, kwenye gereza lisiloruhusu tumbaku kabisa, wanaume kwa wanawake walifuatiliwa baada ya kufunguliwa. Utafiti huo ulitoka 2013. Walioonyeshwa video za afya tu, wiki tatu nje ya lango, ni 7% waliokuwa bado hawajavuta. Waliokaa na mshauri mara sita kabla ya kutoka, wakazungumza, walikuwa 25%.