Aaron Siskind na Ukuta Uliogeuka Picha

Picha dhahania ni picha ambayo uzito wake hautokani na kitu kilichopigwa picha bali na mpangilio wa maumbo, mistari, mwanga na kivuli, kiasi kwamba mtazamaji anaweza kuvutwa nayo hata kabla ya kutambua anachokitazama. Kwa mchoraji jambo hili linaeleweka kwa urahisi, kwa kuwa brashi inaweza kuweka kwenye turubai umbo lisilopata kuwepo popote. Kamera haina uhuru huo, maana hainasi ila kile kilicho mbele ya lenzi yake. Hapo ndipo ilipo thamani ya kazi ya Mmarekani Aaron Siskind, ambaye alipata picha dhahania kwa kuikazia macho dunia ileile ambayo wengi walidhani sanaa hiyo inaikimbia.

Siskind alizaliwa New York mwaka 1903 katika familia ya Wayahudi waliohamia kutoka Urusi, akasoma fasihi katika City College of New York, na baada ya kuhitimu mwaka 1926 akafundisha Kiingereza katika shule za umma za jiji hilo kwa takriban miaka 20. Ushairi ndio uliomvutia kwanza, na kamera ilimfikia karibu na mwaka 1930 ikiwa zawadi ya harusi. Katika muongo huo alijiunga na Photo League, umoja wa wapigapicha wa New York walioamini kwamba picha inapaswa kufichua hali za wanyonge ili jamii ibadilike, na huko akaongoza kikundi kilichorekodi maisha ya Wamarekani weusi katika mtaa wa Harlem. Malezi hayo ya kuheshimu ushahidi hayakumtoka kamwe, ingawa wapo wanaodhani aliyatupa.

Badiliko kubwa lilitokea majira ya joto ya mwaka 1944 huko Gloucester, mji wa wavuvi katika jimbo la Massachusetts, alipoanza kupiga picha vitu vilivyotelekezwa: kamba, vichwa vya samaki, vipande vya mbao. Picha mojawapo inaonyesha glavu kuukuu ya kazi ikiwa juu ya ubao, nayo imekaa kana kwamba mkono bado umo ndani yake na unataka kusema jambo. Siskind alitambua kwamba kitu chenyewe kilikuwa kimeacha kuwa kiini cha picha, na kwamba mvutano kati ya umbo moja na jingine ndani ya fremu ulitosha kubeba hisia.

Njia yake ya kazi inaelezeka kwa maneno machache, ila utekelezaji wake ulidai subira kubwa. Aliusogelea ukuta, akaielekeza kamera sambamba nao, akaacha nje anga, ardhi na watu, yaani kila kitu kinachomwezesha mtazamaji kukadiria ukubwa na umbali. Kina kikapotea, na ukuta ukawa bapa kama turubai. Picha aliyoipiga mwaka 1949 huko Jerome, mji wa zamani wa machimbo ya shaba katika jimbo la Arizona, haionyeshi chochote zaidi ya rangi iliyobambuka, lakini kila gamba limeinua ukingo wake na kuangusha kivuli, kiasi kwamba jicho husita kati ya kuona ukuta na kuona ardhi iliyopasuka inayotazamwa kutoka juu. Hakutumia hila wakati wa kusafisha picha. Ukali wa lenzi, mwanga wa kawaida na uamuzi wa kukata hapa badala ya pale vilimtosha. Hata majina ya picha zake kwa kawaida hutaja mahali na mwaka tu, na hilo ni desturi ya mtu anayetoa ushahidi.

Kwa kuwa alikuwa rafiki wa wachoraji wa New York kama Willem de Kooning na Franz Kline, baadhi ya watu humwona kama mfuasi aliyeiga kwa kamera waliyoyafanya wao kwa brashi. Hukumu hiyo si ya haki. Siskind alionyesha picha zake katika ukumbi wa maonyesho ya sanaa wa Charles Egan mwaka 1947, ilhali Kline aliionyesha hapo michoro yake mashuhuri ya mikupuo mipana ya rangi nyeusi juu ya nyeupe mwaka 1950. Heshima kati yao ilikuwa ya kweli, na baada ya Kline kufariki mwaka 1962, Siskind alimkumbuka katika miaka ya 1970 kwa mfululizo wa picha za kuta zilizopakwa na kuchafuliwa rangi, zikiwemo alizozipiga Peru na Meksiko.

Hata mwili wa binadamu aliutazama kwa jicho lilelile alilotazamia kuta: katika miaka ya 1950 aliwapiga picha vijana wakijirusha katika Ziwa Michigan, Chicago, akaacha maji na jukwaa nje ya fremu, nao wakabaki maumbo meusi yaliyoning'inia kwenye weupe mtupu.

Kuanzia mwaka 1951 alifundisha upigaji picha katika Institute of Design huko Chicago, na mwaka 1971 akahamia Rhode Island School of Design, alikofundisha hadi mwaka 1976. Alifariki mwaka 1991 mjini Providence, akiacha mfuko wenye jina lake ambao umetoa ruzuku kwa wapigapicha wa Marekani.