Nyumba Ikianguka, Watoto Hutawanyika

Aliyekaa Baraka wakati wa mvua aijua sauti ya ukuta wa tofali mbichi unaoanguka usiku. Si sauti kubwa. Ni kama mtu aliyetua mzigo mzito kwa ghafula. Asubuhi majirani huja, huondoa udongo, huokota sufuria na mkeka, na kumshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa. Kisha kila mtu hurudi kwake. Ndipo taabu yenyewe inapoanza.

Tumfikirie mama mmoja aliyepatwa na jambo hilo. Hatumpi jina, maana wenziwe ni wengi, toka Mboko mpaka Lulimba. Ana watoto wanne. Mumewe amekwenda machimboni Misisi, na habari zake hazijulikani. Nyumba imekwisha. Mtoto wa kwanza apelekwa kwa nyanya yake milimani Fizi. Wa pili aenda kulala kwa mfanyabiashara, kwa sharti la kuchota maji na kuosha vyombo. Wa tatu, mvulana wa miaka 13, awafuata wachimba dhahabu. Mdogo abaki mgongoni mwa mama, katika kibanda cha turubai. Mwezi wa kwanza wote wasema, "Ni kwa muda tu." Mwaka ukiisha, wa pili ameacha shule, na wa tatu amechukuliwa na watu wenye silaha. Je, mama huyu hakuwapenda watoto wake? Aliwapenda sana. Alichokosa ni paa.

Hilo ndilo neno tunalotaka wasomaji wetu walipime. Twazoea kusema kwamba mtoto aliyepotea ni mtoto aliyelelewa vibaya. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingi katika nchi yetu jamaa haikuvunjwa na ukosefu wa upendo, bali na ukosefu wa nyumba. Na kama ni hivyo, basi fedha ya umma inayotengwa kwa ajili ya watoto walio mashakani yafaa kwanza itengeneze nyumba ya wazazi wao.

Tukumbuke mambo yaliyotupata. Mwaka 1996 vita iliwavusha watu wetu Tanganyika kwa maelfu, wakapokewa katika kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma. Kuanzia mwaka 2005 wengi walirudishwa kwa meli mpaka Baraka. Walikuta nini? Wengine walikuta majani mahali pa nyumba, na wengine walikuta mtu mwingine amejenga katika kiwanja chao. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, ziwa lenyewe lilipanda likaingia katika nyumba za pwani. Februari 2025 Bukavu, mji mkuu wa jimbo letu, uliangukia mikononi mwa M23, na watu wakazidi kutangatanga. Kila safari ya namna hiyo humwaga watoto njiani.

Labda mtu atauliza: Je, sheria yasemaje? Sheria haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yaiagiza serikali kuwalinda watoto walio katika hali ngumu, na kifungu cha 48 chatia nyumba ya kufaa katika haki za raia. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 iliweka mahakama za watoto, na kueleza jinsi mtoto asiye na ulinzi awezavyo kukabidhiwa kwa jamaa nyingine au kwa nyumba ya malezi. Haya ni mema. Watoto waliotoka katika vikundi vya silaha wamekaa kwa jamaa za kuwapokea, wakalishwa na kutunzwa mpaka ndugu zao walipopatikana.

Lakini tazama shida iliyopo. Wakuu wanapomrudisha mtoto kwao, wamrudisha wapi? Akikuta chumba kimoja kinachovuja, watu saba juu ya mkeka mmoja, atakaa siku ngapi? Mvulana aliyezoea bunduki atarudi porini. Msichana atakwenda kwa mtu yeyote mwenye mlango unaofungwa. Hivyo kazi yote ya kumtafuta, kumponya na kumleta nyumbani inamwagika kama maji katika kikapu. Wazee wamesema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mataifa mengine yameliona jambo hili. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulikubali miongozo juu ya malezi ya watoto wasio na wazazi wa kuwatunza. Humo imeandikwa kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtoa mtoto mikononi mwa mzazi, bali uwe alama kwamba jamaa ile yahitaji msaada. Huko Marekani, nchi ya matajiri, walikwisha kuona kwamba watoto wengine walichukuliwa na wakuu kwa sababu tu wazazi hawakuwa na mahali pa kukaa. Sheria ya mwaka 1990 ilianzisha mpango wa kuwaunganisha. Ofisi ya watoto ikithibitisha kwamba kukosa nyumba ndiyo sababu kubwa ya mtoto kuondolewa au kucheleweshwa kurudi, huiandikia ofisi ya nyumba. Jamaa hulipa karibu 30 katika kila 100 ya mapato yake kwa kodi ya nyumba, na serikali huongeza iliyobaki. Nafasi hazitoshi wote, lakini shauri lenyewe ni la akili: mponye mzazi, nawe umemponya mtoto. Karibu nasi, Kenya ilianza mwaka 2004 kuzipa jamaa zinazolea yatima fedha kidogo za kila mwezi, ili yatima wakae kwa ndugu zao.

Sisi wa Fizi hatupangi nyumba kama watu wa Chicago. Wengi wetu twajenga wenyewe. Kwa hiyo msaada wetu utakuwa wa namna nyingine: mabati, misumari, mlango wenye kufuli, na barua ya kiwanja iliyoandikwa kwa jina la mama kama yeye ndiye mlezi. Kwa mgeni aliyekimbilia Baraka, kodi ya miezi michache yatosha apate kupumua. Udongo na mikono tunayo.

Fedha itatoka wapi? Kifungu cha 175 cha Katiba chatenga kwa ajili ya majimbo 40 katika kila 100 ya mapato ya taifa, na sekta zetu nne, Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, zina haki ya sehemu katika fungu la jimbo. Twajua vema kwamba fedha hiyo huchelewa, na vita imezidi kuipunguza. Hata hivyo, itakapofika, kidogo au kingi, yafaa mstari mmoja wa hesabu ya sekta uandikwe hivi: nyumba za jamaa zenye watoto walio mashakani. Mpango wa maendeleo wa teritwari 145, ulioanza mwaka 2022, ulikusudiwa kujenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala. Twaushukuru. Lakini mtoto hatoki shuleni akalala shuleni.

Mwingine atasema, "Mkigawa mabati, wavivu watabomoa nyumba zao wapate mapya." Neno hili si la kudharauliwa. Ndiyo maana asipewe kila anayelia. Apewe yule ambaye mtumishi wa ofisi ya ustawi wa jamii amemtembelea, mkuu wa mtaa amemshuhudia, na wote wawili wameandika kwamba pasipo nyumba mtoto hatarudi, au aliyepo ataondoka. Tena majina na hesabu visomwe mbele ya watu wote. Fedha inayosomwa hadharani haipotei upesi.

Liko pia jambo lisilotaka hata franka moja. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 yampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe. Ni wangapi kwetu waliofukuzwa na shemeji kabla machozi hayajakauka? Ndugu, ukimtoa mjane nyumbani, umewatoa na watoto wa kaka yako mwenyewe. Usiseme baadaye kwamba wameharibika.

Nanyi vijana wa shule, mwenzenu aliyeacha kuja darasani msimcheke. Mwulizeni analala wapi. Mkijua, mwambieni mwalimu, naye amwambie mkuu wa mtaa. Na siku ya Jumamosi nendeni mkakanyage udongo wa tofali pamoja naye. Mkono mmoja haulei mwana.

Serikali na itoe bati, jirani na atoe mkono, ndugu na aheshimu haki ya mjane. Hapo yule mama wa Baraka ataweza kuwaita watoto wake mmoja mmoja kwa majina yao, toka milimani, toka kwa mfanyabiashara, toka machimboni, naye atakuwa na mahali pa kuwalaza.