Nesi wa shosho wako anasomea wapi?

Chukulia shosho wako amepata kiharusi. Hospitali imemruhusu aende nyumbani, familia imechanga, na sasa kuna nesi anayekuja kila asubuhi. Poa. Lakini akikwama saa tano, atamuuliza nani?

Wodini kuna nesi mwenzake, kuna daktari, kuna kitanda cha kuinuliwa. Kwenu kuna godoro, mito miwili na wewe. Masomo mengi ya uuguzi yaliandikiwa wodi, si sebule.

Cheki mfano mmoja tu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda mgongoni, nyongani na kwenye visigino. Vitabu vingi husema: tafuta wekundu kwenye ngozi. Wekundu gani kwa ngozi nyeusi? Hapa nesi anafaa kufunzwa kutumia mkono. Aguse, kisha alinganishe na ngozi ya kando. Pana joto au baridi kuliko kawaida? Pamekuwa pagumu, au laini kupita kiasi? Shosho anasikia uchungu? Na nyinyi mnaopenda kupasugua na mafuta, wacheni, mnaumiza zaidi. Dawa ya kwanza ni kumgeuza, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, jinsi nesi atakavyowapangia.

Kufundisha mambo kama haya kwa teknolojia si ndoto. Mwaka wa 2005, Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha masomo ya kompyuta, wauguzi wenye cheti wakasomea diploma bila kuacha kazi. Baadaye ikaja Leap, ya kufunza wahudumu wa afya ya jamii kwa ujumbe mfupi na sauti, hata kwenye mulika mwizi. Isitoshe, muuguzi lazima aendelee kusoma ndipo leseni yake ifanywe upya. Kusoma basi atasoma tu. Swali ni kama atapata somo linalofanana na kazi yake.

Mimi chuo sikumaliza, mengi ninayojua nimeyapata kwa simu, kwa hivyo somo zuri nalijua nikiliona. La nesi wa nyumbani liwe la dakika tano, lisimalize bando, lioneshe ngozi kama yetu na kitanda kama chetu. Liwe na Kiswahili pia, ili amchezee ndugu atakayebaki na mgonjwa.

Wewe unayejua kuchora, kurekodi au kutengeneza programu, hapo pana kazi. Ila usijitungie matibabu. Tafuta nesi mwenye leseni anayezunguka majumbani, umuulize ni wapi hukwama, halafu akague kila klipu kabla haijatoka.

Kama huna ujuzi huo, bado una la kufanya. Kesho mwombe nesi akuoneshe jinsi ya kumgeuza shosho bila kumburuta. Yeye jioni anaenda zake. Ile zamu ya saa nne usiku ni yako.