Wanyama wa Mikumi na Shamba la Jirani



Wengi wetu twadhani kutazama wanyama ni mambo ya wageni wenye fedha. Sivyo. Ukipanda basi la Dar es Salaam kwenda Iringa, ukiisha kupita Morogoro njia kuu itakupitisha katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Basi, kaa dirishani, wala usilale! Asubuhi na jioni ndizo saa njema, maana jua likiwa kali wanyama hujificha vivulini. Utaona swala makundi makundi, pundamilia, nyati, twiga, na labda tembo na mwanawe. Mama tembo huchukua mimba karibu miezi 22. Akina mama, fikirini hayo.

Njia hiyo ina matuta, na amgongaye mnyama hutozwa faini. Walakini wanyama bado wafa barabarani. Dereva akikimbiza gari, msinyamaze. Wala msitupe mabaki ya chakula: nyani huyafuata njiani, na hapo ndipo hugongwa.

Najua atakalosema mkulima wa kando ya hifadhi. Tembo mmoja aweza kula kilo 150 kwa siku, na usiku mmoja watosha kumaliza mahindi ya mwaka mzima. Kumwambia mtu huyo awapende tu viumbe wa Mungu, watoto wake wakilala njaa, si haki hata kidogo. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Jina lenyewe lakwambia: ni pole, si fidia kamili. Hata hivyo usiiache haki yako. Peleka habari upesi kwa serikali ya kijiji, uharibifu ukaguliwe ungali unaonekana.

Karibu na milima ya Udzungwa wako wakulima waliofanya jambo la akili. Wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka kwa hasira, naye hukimbia, maana humuuma hata ndani ya mkonga. Mwenye shamba hupata na asali. Lakini mizinga yataka kukaguliwa mara kwa mara: nyuki wakihama, hubaki waya mtupu, na waya mtupu haumzuii tembo.